Dobi Aliyeandika Kila Siku, na Kufuli Lisilokuwepo

Saa saba kasorobo mchana. Mwanamke ameinama juu ya karo la saruji nyuma ya nyumba isiyo yake, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni. Anasugua kola ya shati la mtu asiyemjua. Analisuuza, analikamua, analitundika. Kisha anafuta viganja kwenye gauni, mbele na nyuma, na kutoa simu kwenye mfuko wa nailoni aliouweka juu ya tofali.

Anaandika kwa kidole gumba kimoja. Dakika haiishi. "Leo sikuwepo. Habari za namba tatu sina." Anabonyeza, anarudisha simu kwenye mfuko, anavuta shati jingine.

"Haya, limetoka," anamwambia mwandishi bila kugeuka.

Kuna wakati andiko la mchana kama hili lilimchukua dakika arobaini, mapumziko yake yote ya chakula. Aliliandika akiwa amekaa juu ya ndoo ya sabuni iliyopinduliwa, katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, huku wenzake wakimtania: "Gazeti limetoka?" Jina likamganda. Hata meneja, ambaye hakuwahi kujua jina lake halisi kwa miaka kumi na tisa, alimwita Gazeti.

Leo Gazeti ana miaka arobaini na tisa, amesimamishwa kazi, na anafua nguo majumbani kwa theluthi ya kile alichokuwa akipata. Mwenzake mmoja ana mikono isiyoweza kushika kijiko. Baina ya mambo hayo mawili kuna blogu iliyokuwa na wasomaji thelathini na mmoja kwa siku, na ndani ya blogu hiyo kuna andiko moja la uongo.

Tuanze mwanzo, maana wapo watu wanaopenda sana tuanzie mwisho.

Gazeti aliishia darasa la saba. Anaishi vyumba viwili na mama yake mzazi, ambaye macho yalimfifia kidogo kidogo hadi yakazima. Kila jioni mama huyo humuuliza bintiye swali lile lile: leo kumetokea nini kazini?

"Nilikuwa namjibu, mama, tumefua mashuka," anasimulia Gazeti. "Kesho yake, tumefua mashuka. Siku moja akanikatiza. Akasema, 'Mwanangu, mimi ndiye nisiyeona, au ni wewe?'"

Neno lile lilimchoma. Siku iliyofuata aliingia kazini akiwa na macho. Aliona kwamba mashuka ya wodi ya wazazi huja yamekunjwa na wagonjwa wenyewe, kwa aibu. Aliona kwamba wodi ya wanaume hutupa kila kitu, na kwamba ndani ya mito hukutwa barua, rozari, tasbihi, meno ya bandia. Alirudi na habari. Mama akacheka, akataka nyingine.

Ndugu mmoja wa mgonjwa, aliyekuwa akisubiri shuka safi dirishani, ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kufungua blogu kwenye simu. Ilikuwa bure. Gazeti akaipa jina la mahali alipo: Chumba cha Kufulia.

Mwanzoni aliandika kwa hasira. Anacheka akiyakumbuka maandiko yale. "Nilikuwa naandika, wakubwa hawa ni wanyama, Mungu anawaona. Wasomaji wawili, mimi na dada yangu. Na dada yangu nilimlazimisha."

Kisha siku moja alichoka kutukana, akaandika tu alichokiona: "Leo mashuka mia sita na arobaini. Sabuni ndoo moja. Maji ya moto yamekatika saa nne, yamerudi saa saba. Yale ya katikati tumeyafua kwa maji baridi. Yamekwenda wodini hivyo hivyo." Wasomaji tisini walifika siku ile. Muuguzi mmoja aliandika chini yake: "Ndiyo maana."

"Hapo ndipo nilipojifunza kitu," anasema. "Ukimtukana mkubwa, anafurahi, maana sasa mko wawili mnaotukanana. Ukihesabu mbele yake, hana pa kushika."

Ni somo ambalo wenye vyeo katika vyama vya wafanyakazi, wanaolipwa kwa ajili hiyo hiyo, wameshindwa kulijifunza kwa miaka thelathini ya mikutano na chai.

Akawa anaandika kila siku. Siku za kazi aliandika ya kazini, siku za mapumziko aliandika ya mikono yake, jinsi ngozi inavyobanduka, jinsi harufu ya dawa inavyokataa kutoka hata ukijipaka mafuta. Ule mtandao ulikuwa na kihesabio kidogo pembeni kinachoonyesha umeandika siku ngapi mfululizo bila kukosa. Siku mia moja. Siku mia tano. Siku elfu moja, na zile siku elfu moja zilipotimia, wenzake walimwimbia juu ya kelele za mashine.

"Mimi sikuwahi kuwa wa kwanza kwenye chochote," anasema. "Shuleni sikuwa wa kwanza, nyumbani ni wa nne. Ile namba ilikuwa yangu. Nilikuwa nikiamka naiangalia kabla ya kunawa uso."

Sasa ije mashine.

Chumba cha kufulia kina mashine nne kubwa, kila moja inameza mashuka themanini kwa mara moja na kuyachemsha. Ya tatu kufuli la mlango wake lilikufa. Fundi wa kampuni inayoendesha kazi ya ufuaji kwa kandarasi alikuja, akatazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Kifaa kitaagizwa, wakaambiwa. Hiyo ilikuwa miezi kumi na minne kabla ya ajali.

Mashuka hayangoji kifaa. Msimamizi wao, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Zamu, akabuni dawa. Alichukua shuka lililochakaa, akachana ukanda wa upana wa viganja viwili, akausokota, akaupitisha mara tatu kwenye mpini wa mlango na kuukaza kwenye bomba la pembeni kwa fundo lake mwenyewe. Akawafundisha wenzake wote kumi, mmoja mmoja, akisimama nyuma yao kama mwalimu wa mwandiko.

Wafanyakazi wakaipa mashine ile jina la Mbuzi, kwa sababu isipofungwa inatoroka. Kabla ya kuiwasha, mmoja alipaza sauti: "Mbuzi kafungwa?" Na mwingine akajibu: "Kafungwa!" Walicheka kila mara. Watu wanaofanya kazi na hatari iliyochemka hawana budi kucheka.

Gazeti aliandika yote. Maneno "leo Mbuzi tumemfunga kwa shuka" yamo ndani ya blogu mara mia mbili na kumi na mbili. Mwandishi wa makala haya ameyahesabu mwenyewe, mara mbili, kwa sababu anajua wapo watakaosema hakuhesabu.

Meneja alimwita ofisini mara mbili. "Mama, hayo mambo yako ya simu yafute," anasema alimwambia. "Yanatuchafua." Gazeti akamjibu kwamba kazi yake ni kufua, kama kuna uchafu aulete chini autie kwenye mashine. Wenzake walilicheka jibu hilo wiki nzima.

Ikafika siku ya 1,241.

Siku hiyo Gazeti hakwenda kazini. Aliomba ruhusa ampeleke mama yake kliniki ya macho, mwendo wa saa tatu kwa gari. Walifika wakakuta foleni, wakakaa hadi jua likageuka. Daktari akasema kwa upole kwamba hakuna la kufanya. Wakapanda gari wakarudi.

Jioni, kihesabio kilikuwa kinasubiri. Na Gazeti hakuwa na la kuandika, isipokuwa lile ambalo hakutaka kuliandika.

"Nilikuwa nimechoka kuandika mabaya," anasema. Ameacha kusugua. Anaangalia maji. "Nikasema, hebu leo niwape watu siku njema. Siku moja tu. Nijipe na mimi."

Akaandika kwamba fundi amekuja. Kwamba kifaa kimefika ndani ya boksi, kimefungwa karatasi ya mafuta. Kwamba namba tatu imewekewa kufuli jipya, na lilipobana lilitoa mlio mzuri, "ta!", na wote wakapiga makofi. Ni andiko zuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na huo ndio ubaya wake. Wasomaji wakamiminika. Hongereni. Hatimaye. Mungu mkubwa.

Kama kawaida, alimsomea mama yake kabla ya kulala.

"Aliniacha nikamaliza," anasema. "Halafu akaniuliza, 'Leo si ulikuwa na mimi kutwa nzima? Hilo kufuli umeliona wapi?' Nikamwambia, mama, ni siku moja tu. Akavuta shuka, akanigeuzia mgongo. Afadhali angenipiga."

Kesho yake angeweza kulifuta. Lakini ukifuta andiko la siku, kihesabio kinarudi kwenye sifuri. Kwa hiyo akaliacha, akaendelea. Siku ya 1,242 aliandika tena kwamba Mbuzi kafungwa kwa shuka, na kati ya wasomaji wake thelathini na mmoja hakuna aliyeuliza kufuli limekwenda wapi.

Aliyeuliza alikuwa mmoja tu, tena kwa utani, tena ana kwa ana. Ni mwenzake wa namba tatu, mwanamume wa miaka thelathini na minane ambaye chumba kizima kilimwita Shemeji, kwa kuwa alimwoa mmoja wa wanawake wa meza ya kukunja na wote wakajihesabu kuwa ndugu wa bibi harusi.

"Nililisoma lile andiko jioni ile ile," anasema Shemeji. Amekaa kitandani, mikono juu ya mto, kama vitu alivyopewa amshikie mtu. "Kesho yake nikamwambia, Gazeti, kufuli lako nimelitafuta mpaka uvunguni mwa mashine, sijaliona. Akacheka, nikacheka. Tukamfunga Mbuzi, tukaendelea na kazi."

Siku nane baadaye fundo lilikatika.

Shemeji alikuwa akipita mbele ya mashine akisukuma toroli. Mlango ulifunguka na maji yaliyochemka pamoja na mashuka yake yakamwangukia kifuani na mikononi. Alinyoosha mikono kujikinga uso. Uso ulipona. Vidole vya mikono yote miwili vimeungana kwa makovu, na daktari amesema upasuaji wa kuvitenganisha ukichelewa zaidi ya mwaka, mishipa itakuwa imeshajifunga na kisu hakitasaidia tena. Miezi mitano imekwishapita.

Upasuaji huo unalipwa na kampuni, ikiwa ajali ni ya mashine. Ikiwa ni ya uzembe wa mfanyakazi, analipa mfanyakazi. Kwa maneno mengine, haufanyiki.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi, na kamati ikawa na swali moja: mlango ulifunguka wenyewe, au mfanyakazi aliufungua kabla ya wakati?

Palikuwa na daftari la hitilafu chumbani mle, limening'inia ukutani kwa uzi. Baada ya ajali uzi ulibaki, daftari likaenda kusikojulikana. Hili halimshangazi mwenye kumbukumbu. Miaka kumi na minne iliyopita, katika chumba hicho hicho, mwanamke wa meza ya kukunja alivutwa mkono na pasi kubwa ya mvuke. Taarifa yake ilikuwa mistari mitatu na neno uzembe limo mara mbili. Daftari la mwaka ule nalo halikuonekana. Miaka sita baadaye mzee wa boila alianguka na kufa zamu ya asubuhi, ikaandikwa presha. Yake au ya boila, haikuelezwa. Magazeti, hili likiwemo, yaliandika kama yalivyopewa.

Safari hii palikuwa na mtu aliyeandika kila siku. Mke wa Shemeji ndiye aliyelikumbuka hilo kwanza. "Nilimkimbilia Gazeti usiku ule ule wa hospitali," anasema. "Nikamwambia, dada, wewe ndiye daftari letu sasa. Simu yako usiiache hata chooni."

Gazeti anasema aliposikia maneno hayo alikumbuka siku ya 1,241. Lile andiko la kufuli hakumtajia.

Kikao cha kwanza cha kamati, mwanasheria wa kampuni alisimama na karatasi moja. Ilichapwa kwa rangi. Kampuni haikuwa na stakabadhi ya kufuli jipya. Haikuwa na jina la fundi wala tarehe ya kuagiza kifaa. Ilikuwa na blogu. Watu wale wale waliotaka ifutwe sasa waliisoma kwa sauti, taratibu, kama waraka mtakatifu, hadi kwenye makofi na ule mlio wa "ta!".

"Kufuli lilikuwa jipya, lina siku tisa," alisema mwanasheria. "Hatusemi sisi. Anasema mwenzao, ambaye wao wenyewe wanamwita Gazeti."

Mke wa Shemeji aligeuka nyuma akamtazama Gazeti.

Nje, kwenye korido, hakumpigia kelele. Gazeti anasema angependa amfokee. "Alinisogelea hapa," anaonyesha kifuani, "akaniambia polepole: 'Dada, mume wangu ameungua mara moja kwa maji. Mara ya pili kamwagiwa na nani?'"

Hapo Gazeti alikuwa na njia mbili, na zote zina miiba. Akinyamaza, andiko lile moja linamzika Shemeji. Akisema ni uongo, basi yeye ni mwongo, na mara mia mbili na kumi na mbili za Mbuzi kufungwa kwa shuka zinakuwa maneno ya mwongo. Juu ya hapo, amekiri kuchapisha habari ya uongo kuhusu mwajiri wake, na barua ya kumfukuza inaweza kuandikwa kabla hajafika getini.

Alimuuliza mama yake. Mama akaingiza mkono chini ya godoro, akapapasa, akatoa kadi ya kliniki ya macho. Ina muhuri na tarehe ya siku ya 1,241.

"Peleka hii," akasema. "Wasije wakadhani hata kukiri kwako umekutunga."

Kikao cha pili Gazeti alisimama na kuweka kadi mezani. Wachunguzi wengi wamepita katika nchi hii na nyingine, mwandishi amekaa nyuma ya vikao vya kutosha, na hajawahi kuona mtu akileta ushahidi wenye muhuri dhidi ya nafsi yake. Hata mwenyekiti alivua miwani.

Mazungumzo yao yamo kwenye kumbukumbu za kikao.

"Kwa hiyo uliandika uongo," alisema mwanasheria.

"Niliandika."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Siku hiyo."

"Sisi tutajuaje kuwa ni mara moja?"

Gazeti aliisogeza kadi mbele ya mwenyekiti. "Hamwezi kujua," alisema. "Mimi ndiye ninayejua."

"Mama, samaki mmoja akioza?"

"Mimi siuzi samaki, mheshimiwa. Nafua. Shuka moja likiwa na doa, hatutupi themanini."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza. Kicheko, kama ilivyo ada, kilikuwa upande wa wanyonge, na uamuzi ulikwenda upande wa pili.

Uamuzi una kurasa nne. Unasema kwamba blogu haiwezi kutegemewa na upande wowote, ionyeshe kuwa kufuli lilikuwepo au halikuwepo. Kwamba daftari la hitilafu halikupatikana. Kwamba kwa hiyo chanzo cha ajali hakikuthibitika, na kampuni hailazimiki kulipa. Yaani maji yalichemka yenyewe, yakatoka yenyewe, yakaunguza vidole ambavyo navyo vilikuwepo kwa bahati mbaya.

Barua ya kumsimamisha Gazeti ilitoka siku ya pili yake. Ile ilipatikana haraka, daftari lake halikupotea.

Aliporudi nyumbani jioni hiyo alifungua blogu na kulifuta andiko la siku ya 1,241. Kihesabio kikarudi sifuri. Mahali pake akaandika: "Siku hii sikuwepo kazini. Nilichoandika hapa nilikibuni. Kufuli halikuwahi kuwekwa." Chini akabandika maneno ya wasomaji aliyoyanakili kabla ya kufuta, hongereni zote, ili yamsute.

Tangu hapo, kila mchana, huandika kwamba hakuwepo. Wasomaji wamepungua hadi kumi na wawili. Mmoja alimwandikia: "Mama, andika basi hata kitu kingine, tunachoka." Kesho yake aliandika tena kwamba hakuwepo.

"Watu huniuliza, kuandika kila siku kumekufundisha nini," anasema. Anakamua shati kwa nguvu, mishipa ya mikono inasimama. "Wanataka niseme kumenifundisha lugha. Kumenifundisha kuona, hilo kweli, nashukuru. Lakini kuna siku mtu huna kitu. Huna. Na siku yenyewe imefungua mdomo inataka kulishwa. Siku hiyo ndiyo utaijua roho yako. Mimi yangu nimeijua."

Je, anajuta kuandika?

Analikung'uta shati na kulitundika. "Najuta siku moja," anasema. "Zile nyingine hapana. Zile nyingine ndizo zinazowaudhi."

Shemeji hamlaumu, au anasema hamlaumu. Gazeti huenda kumwona kila Jumamosi. Wiki za mwanzo mke wake alikuwa akiondoka chumbani. Siku hizi anabaki, anakunja nguo kwa ule mkunjo wa hospitali, pembe kwa pembe.

"Nilimwambia, Gazeti, wewe na mimi wote tulijua halipo, na wote tulicheka," anasema Shemeji, akicheka tena. "Kile kicheko ndicho kinachoniuma. Mikono angalau wananipa vidonge."

"Cheka basi vizuri, usije ukajitonesha kifua," anasema mkewe kutoka kwenye nguo zake. Ni maneno ya kwanza aliyosema mbele ya Gazeti kwa wiki tatu.

Rufaa itasikilizwa baada ya wiki sita. Safari hii hawaendi na blogu. Wanahitaji watu walioona kwa macho na kufunga kwa mikono, walio tayari kutia sahihi kwamba mlango wa namba tatu ulifungwa kwa shuka hadi siku ya ajali. Kwenye zamu walikuwa kumi na mmoja. Ukimtoa Gazeti na Shemeji, wanabaki tisa, na Gazeti amewapitia wote, nyumba kwa nyumba, akitoka kwenye makaro ya watu na mikono iliyokunjamana kwa maji.

Wanne wametia sahihi, mke wa Shemeji akiwa wa kwanza. Wanne wamekataa, na mwandishi hana ubavu wa kuwalaumu. Mmoja alimwambia Gazeti mlangoni: "Dada, nina watoto watatu na sahihi moja. Sasa nigawe vipi?" Kufuli la namba tatu, anasema dada huyo, limewekwa kweli sasa. Liliwekwa wiki mbili baada ya uamuzi kutoka. Stakabadhi ipo.

Amebaki mmoja: Mzee wa Zamu. Ndiye aliyebuni fundo. Ndiye aliyekuwa akiandika kwenye daftari lililopotea. Alistaafu mwezi mmoja baada ya ajali, na malipo yake ya uzeeni hutoka kila mwezi kwenye mkono ule ule anaotakiwa kutoa ushahidi dhidi yake. Wanne waliotia sahihi ni wafuaji, na kamati imeshatuonyesha inavyowasikia wafuaji. Yeye alikuwa msimamizi. Neno lake lina muhuri.

Gazeti amekwenda kwake mara tano. Mara mbili aliambiwa amelala. Mara mbili mlango haukufunguliwa ingawa redio ilikuwa ikisikika ndani. Mara ya tano mzee alizungumza naye kupitia dirishani, pazia halikuondolewa.

"Binti yangu, mimi nimezeeka," alimwambia.

"Nimekuja kwa sababu hiyo, baba. Wewe ndiye mkubwa wetu."

"Nilitaka kazi iende tu. Sikutaka mtu aumie."

"Najua, baba. Na mimi nilitaka hivyo hivyo nilipoandika lile kufuli."

Gazeti alisimama pale hadi redio ikabadilisha kipindi, kisha akaondoka.

Sasa shati la mwisho limetundikwa. Anamwaga maji ya karo, anasuuza ndoo, anaipindua. Anauliza saa, anaambiwa ni saa tisa. Kwa Mzee wa Zamu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na leo anakwenda mara ya sita.

Na kama atafungiwa tena?

"Nitakwenda kesho," anasema Gazeti, akifunga mfuko wa simu kiunoni. "Na nitaandika. Akifungua, nitaandika amefungua. Asipofungua, nitaandika hakufungua."